Tuzo ya Mwanafunzi na Paa la Bibi Yake: Maswali Kuhusu Klabu za Huduma Bukoba na Muleba

Siku ya mahafali katika shule za Bukoba na Muleba ina utaratibu unaofahamika. Risala inasomwa, kwaya inaimba, mgeni rasmi anasimama, kisha wanafunzi waliofanya vizuri wanaitwa kupokea cheti, madaftari na pengine begi. Mara nyingi zawadi hizo zimenunuliwa na watu waliojichanga: klabu ya huduma, kikundi cha akina mama, wanafunzi wa zamani, jumuiya ya kanisa au ya msikiti. Watu hao hao ndio wanaofuatwa nyumba ya mjane inapobomoka kwa mvua, au mtoto anapokutwa amelala stendi.

Makala hii inajibu maswali ambayo watu kama hao huuliza wanapotaka kuanza au kuboresha kazi zao. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Katika mkoa huu wa Kagera kumtunuku mwanafunzi na kumsaidia asiye na makazi ni kazi moja. Klabu inayozigawa kazi hizi kwa kamati mbili zisizozungumza itatoa vyeti kwa watoto ambao mwaka ujao hawatakuwa shuleni.

Klabu ya huduma ni nini, na inatofautianaje na kikundi chetu cha kuzikana?

Kikundi cha kuzikana kinamsaidia mwanachama. Klabu ya huduma inakusanya nguvu za wanachama ili kumsaidia mtu ambaye si mwanachama na huenda hatakuwa kamwe. Zinazojulikana zaidi duniani ni Rotary, iliyoanzishwa na wakili Paul Harris mjini Chicago mwaka 1905, na Lions, iliyoanzishwa na Melvin Jones katika jiji hilo hilo mwaka 1917. Rotary ilifika Dar es Salaam mwaka 1949. Zote mbili zina matawi ya vijana: Lions walianzisha Leo mwaka 1957, na Rotary wakaanzisha Interact mwaka 1962 kwa walio shule na Rotaract mwaka 1968 kwa waliovuka umri huo.

Si lazima uwe na jina la kimataifa ndipo ufanye kazi hii. Kagera ina historia yake ya kujipanga. Mwaka 1924 akina Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki walianzisha Bukoba Bahaya Union, na elimu ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapigania. Na chini ya vyama vikubwa kuna mtandao wa kila siku usio na katiba wala muhuri. Watafiti walioingia kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, mwaka 2000 walizungumza na kaya zote 119 wakauliza swali jepesi: ukipata shida unamwendea nani, na nani anakujia wewe? Kijiji kizima kilionekana kimefungamana kwa ukoo, ujirani, dini na vikundi. Lakini walibaini pia kwamba kaya maskini zilikuwa na watu wachache wa kuwaendea kuliko kaya zenye uwezo.

Hapo ndipo klabu ya huduma inapohitajika. Mwenye ng'ombe na shamba zuri la migomba ana majirani wengi wa kumkopesha. Bibi aliyebaki na wajukuu watatu na migomba iliyonyauka hana wa kumfuata. Klabu iwe jirani wa huyo.

Wasio na makazi wapo kweli huku kwetu? Si kila mtu ana kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba?

Swali hili linaulizwa kwa nia njema na watu waliozoea kuona picha za mijini, mtu amelala chini ya daraja. Bukoba mjini wapo wanaolala nje, hasa watoto na vijana wanaozunguka sokoni, stendi na ufukweni. Lakini sehemu kubwa ya tatizo huku imejificha ndani ya kuta ambazo kwa mbali zinaonekana kama nyumba.

Kuna mzee anayelala katika nyumba ambayo nguzo zimeliwa na mchwa na upande mmoja umeegeshwa kwa mti. Kuna mjane aliyeambiwa na ukoo wa mumewe arudi kwao, na kwao nako kaka zake wamekwisha kugawana ardhi. Kuna vijana waliotoka visiwa vya Muleba, Bumbire, Ikuza au Goziba, wakaja bara kusoma na wanaishi kwa kuhamahama katika vyumba vya watu. Hawa wote hawamo katika hesabu ya mtu anayetafuta waliolala barabarani.

Kisha kuna majanga. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa huu. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka na maelfu nyingine zikapata nyufa za kutisha. Shule za sekondari Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa, na wanafunzi wakatawanywa kwingine. Kwa alasiri moja mkoa ulipata wasio na makazi na wasio na shule, na wengi walikuwa familia zile zile.

Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Serikali ya Uingereza. Nyumba za watu binafsi zilikuwa habari nyingine. Rais John Magufuli alipofika Kagera Januari 2017 alisema wazi kwamba Serikali isingeweza kumjengea kila aliyeathirika nyumba yake, bali ingerejesha miundombinu ya umma. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa uamuzi ule, lakini maana yake kwa kijiji ni moja: nyumba ya bibi iliachiwa watoto wake, ukoo wake, kanisa lake, msikiti wake na majirani. Asiyekuwa na watu hao alibaki na turubai.

Inafaa kukumbuka kwamba mmoja wa watu waliolieleza suala la makazi kwa dunia nzima alizaliwa Muleba. Profesa Anna Tibaijuka aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, tangu mwaka 2000 hadi 2010, na mwaka 2005 ndiye aliyetumwa Zimbabwe kuchunguza bomoabomoa ya Murambatsvina. Ripoti yake ilikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza nyumba, riziki, au vyote viwili. Alihesabu nyumba na riziki pamoja, na klabu ya kijijini inaweza kufanya hivyo hivyo.

Mjane au binti akifukuzwa kwenye kibanja, klabu ina la kufanya?

Inalo, na linaanza kwa kujua kwamba sheria ya nchi iliwahi kutikiswa na mwanamke wa Muleba. Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza. Bernardo Ephrahim, mtu wa ukoo wake, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa haki Ephrahim. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitamka kwamba kumzuia mwanamke kuuza huku mwanamume akiruhusiwa ni ubaguzi unaopingana na haki za msingi zilizomo katika Katiba.

Soma tena sababu ya mama yule kuuza: alikuwa mzee na hakuwa na wa kumtunza. Kesi inayofundishwa katika vyuo vya sheria kama kesi ya usawa wa kijinsia ilianza na mzee aliyehitaji matunzo.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, iliweka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Vijijini bado wapo wasioijua. Klabu yenye mwalimu, karani wa mahakama au mwanasheria miongoni mwa wanachama inaweza kutoa huduma isiyogharimu hata bati moja: kumsindikiza mjane baraza la ardhi, kumsaidia kuandika maelezo, kuhakikisha wosia umeshuhudiwa ipasavyo kabla mtu hajafa. Msaada wa aina hii hauna picha nzuri ya kutuma kwa wafadhili. Kwa maoni yangu ndio wenye thamani kubwa kuliko mingine yote.

Kwa nini mnasema nyumba na shule ni jambo moja?

Kwa sababu mkoa huu ulijifunza hivyo kwa maumivu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walipatikana mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka iliyofuata iliondoa kizazi cha wazazi katika vijiji vingi na kuwaacha bibi na wajukuu peke yao.

Bahati ni kwamba kuna watu waliofuatilia kilichotokea kwa watoto hao. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya utafiti wa kaya zaidi ya 900 Kagera, na kaya hizo zikatafutwa tena mwaka 2004 na 2010, hata watu wake walipokuwa wamehamia mbali. Watoto ambao walikuwa na wazazi wote wawili utafiti ulipoanza, kisha wakafiwa na mama kabla ya kukua, walionekana kuwa wafupi kwa takriban sentimeta 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa wamepoteza takriban mwaka mmoja wa shule. Hasara hiyo haikurudi walipokuwa watu wazima.

Mwaka mmoja wa shule unapotea namna gani? Haupotei kwa siku moja. Mtoto anakaa nyumbani kwa kuwa bibi anaumwa na hakuna wa kuteka maji. Anakosa mtihani kwa kuwa paa lilivuja usiku na madaftari yakalowana. Anaondoka kwa shangazi, kisha kwa mjomba, na kila anapohama anasubiri uhamisho wa shule. Makazi yanapoyumba, masomo yanayumba nayo.

Nshamba, wilayani Muleba, kuna jibu lililojaribiwa. Mwaka 2003 Kurt Madörin, Mswisi aliyekuwa amefanya kazi na watoto yatima wa eneo hilo kupitia shirika la Humuliza, alianzisha mradi wa Kwa Wazee. Wazo lilikuwa rahisi kiasi cha kuwashangaza wataalamu: mpe bibi fedha taslimu kila mwezi, na nyongeza kwa kila mjukuu anayemlea, kisha mwache aamue mwenyewe. Kiwango cha miaka ya mwanzo kilikuwa shilingi 6,000 kwa mzee na 3,000 kwa mtoto. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo wazee walisema sasa wanaweza kuvinunua.

Vitazame vitu hivyo vitatu kwa ukaribu. Chumvi ni kwa wote wanaokula katika nyumba ile. Sabuni inamwezesha mtoto kukaa darasani bila kuchekwa kwa sare chafu, na inamwezesha bibi kwenda kanisani. Viatu ni vya shule. Fedha haikuuliza ni ya mzee au ya mwanafunzi. Iliingia nyumbani ikawahudumia wote. Hakuna kamati ya mjini ambayo ingepanga matumizi hayo vizuri kuliko bibi mwenyewe.

Vijana nao hawakuachwa kuwa wapokeaji tu. Kutoka katika kazi ya Humuliza walijiunda katika umoja wao, Vijana Simama Imara, wakaweka akiba, wakalima pamoja, wakawasaidia wazee wa jirani kazi za nyumbani. Upande wa Bukoba, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, ilikuwa na HUYAWA, Huduma ya Watoto, iliyowafuata yatima katika familia zilizowapokea. Klabu changa isione haya kwenda kuuliza waliotangulia.

Elimu ni bure. Kwa nini tuchangie?

Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa masomo uliofunguliwa Julai 2022. Hiyo ni nafuu kubwa na lazima isemwe. Lakini mzazi yeyote aliyepokea fomu ya kujiunga na kidato cha tano anajua kinachobaki. Fomu inataka godoro, shuka, ndoo, sare jozi mbili, viatu vyeusi, raba za michezo, madaftari makubwa, rimu ya karatasi, jembe au kwanja, na juu yake nauli. Kijana wa Muleba anaweza kupangiwa Mtwara. Kwa bibi anayeuza mikungu miwili ya ndizi kwa juma, fomu ile ni ukuta.

Kwa hiyo klabu inayotaka kutoa tuzo yenye maana ichukue fomu ile ya mwanafunzi, isome mstari kwa mstari pamoja na mlezi wake, iweke alama kwenye vilivyopo na kununua visivyokuwepo. Tuzo ya namna hiyo inamvusha mtoto lango la shule. Begi jipya lenye nembo ya klabu halimvushi.

Tutunuku nani? Anayeongoza darasani peke yake?

Chanda chema huvikwa pete, na mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza anastahili pongezi mbele ya watu. Lakini kumbuka kwamba Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, ingawa taifa zima lilikuwa limezoea orodha ya kumi bora. Kama Baraza lenyewe limeachana na kushindanisha watoto wa mazingira tofauti, klabu ya kata haina sababu ya kung'ang'ania.

Fikiria binti wa kidato cha tatu anayeamka alfajiri, anamwogesha bibi yake asiyeweza kutembea, anapika uji, anatembea kilomita kadhaa hadi shule na anapata wastani wa C. Nafasi yake darasani ni ya ishirini na kitu. Mimi ningempa tuzo ya kwanza bila kusita, na ningewaomba walimu wa malezi wanitajie majina kama lake kabla sijaomba orodha ya mtaaluma.

Njia inayofanya kazi ni kuwaomba walimu, mwenyekiti wa kitongoji na kiongozi wa dini walete majina kila mmoja kivyake, bila kushauriana. Jina linalojitokeza kwa wote watatu chukua mara moja. Jina linalotoka kwa mmoja tu, nenda nyumbani ukaone. Ziara hiyo ya nyumbani usiiache kamwe, kwa sababu ndipo klabu inapojua kwamba mtoto anayetaka kumpa kamusi hana mahali pakavu pa kuiweka.

Wanafunzi waliotunukiwa wapewe pia nafasi ya kuhudumu. Tawi la vijana la klabu linaweza kumtekea mzee maji Jumamosi, kumpalilia migomba, kumsomea barua ya kijiji. Wasilipwe kwa hilo, na lisiwe sharti la kupata tuzo.

Tunaweza kupiga picha na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp?

Mtoto anaweza kupigwa picha akipokea cheti cha hisabati kama mlezi ameridhia. Asipigwe picha akipokea "msaada wa yatima" au "msaada wa asiye na makazi". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda watu wote, watoto hasa, na picha ya aina hiyo itamfuata shuleni kila siku. Vitu vya nyumbani, godoro au mabati, vipelekwe nyumbani kimya. Mfadhili anayetaka ushahidi apewe stakabadhi na taarifa ya matumizi.

Tumemkuta mtoto amelala stendi. Tumchukue nyumbani?

Hapana, usimchukue kwako kimyakimya, hata kama moyo unakusukuma. Piga simu namba 116, ambayo ni ya kitaifa ya kuwasaidia watoto na haina malipo, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Usiku nenda kituo cha polisi na uulizie dawati la jinsia na watoto. Mpe chakula, kaa naye, msikilize, na usimwahidi usichoweza kutimiza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwananchi wajibu wa kutoa taarifa anapoona haki za mtoto zinakiukwa, na inaikabidhi halmashauri jukumu la kumtafutia ulinzi.

Kazi ya kwanza ya maafisa ni kutafuta familia. Watoto wengi wa mitaani wana mtu mahali fulani: bibi Izigo, baba mdogo Kyaka, dada aliyeolewa. Hapo ndipo klabu inaingia kwa nguvu, kwa nauli ya kumrudisha, kwa sare mpya, kwa kitanda cha ziada katika nyumba inayompokea, na kwa mtu wa kwenda kumtembelea baada ya mwezi mmoja. Mtoto anayerudishwa nyumba ile ile aliyoikimbia, bila kitu kubadilika, atarudi stendi.

Kufungua kituo chenu wenyewe ni jambo la mwisho kabisa kufikiria. Makao ya watoto yanahitaji leseni kutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, watumishi waliofunzwa na fedha za miaka mingi. Yapo makao yenye uzoefu mrefu, kama ya Ntoma yaliyo chini ya KKKT. Yanahitaji maziwa, dawa na walimu wa kujitolea kuliko yanavyohitaji mpinzani mpya barabara ya pili.

Na msikubali kuitwa kushiriki misako ya kuwaondoa "wazururaji" mjini kabla ya ugeni mkubwa. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hapa hapa Tanzania, ilitoa ushauri wa kisheria ulioombwa na chama cha mawakili wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji, zile za kumkamata mtu kwa sababu tu hana makazi wala kazi, zinapingana na Mkataba wa Afrika, na ikazitaka nchi zenye sheria hizo kuzirekebisha. Kutokuwa na nyumba si kosa la jinai, na klabu ya huduma inapaswa kuwa ya kwanza kulisema hilo kwenye kikao cha kata.

Mzee asiye na mtu kabisa anapelekwa wapi?

Serikali ina makazi ya wazee katika mikoa kadhaa, na kwa Kagera yapo Kiilima. Njia ya kufika huko ni kupitia afisa ustawi wa jamii, baada ya kuthibitika kwamba hakuna ndugu wa kumtunza. Wazee wengi, ukiwauliza, wanataka kubaki karibu na makaburi ya watu wao na migomba yao. Kabla ya kumhamisha yeyote, angalieni kama kaya yake imo katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na kama ana kitambulisho cha matibabu bila malipo kinachotolewa kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea. Mara nyingi haki ipo na kilichokosekana ni mtu wa kuifuatilia ofisini.

Tusajili wapi, na fedha tuzitunzeje?

Kikundi cha kata kinasajiliwa halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii, kikiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama na barua ya mtendaji. Mkitaka kufanya kazi kwa upana zaidi kuna usajili wa jumuiya Wizara ya Mambo ya Ndani, au wa shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002. Anzeni kidogo.

Kuhusu fedha, igeni jambo moja kutoka Lions na Rotary: wekeni mifuko miwili isiyoingiliana. Ada za wanachama zilipie chai, stakabadhi na nauli za kikao. Kilichochangwa na umma kiende chote kwa wahitaji. Mtu aliyetoa shilingi 2,000 sokoni kwa ajili ya bati la mjane asije akazikuta zimenunua soda za mkutano. Bandikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji au mtaa, kwa Kiswahili, na tarakimu zinazosomeka.

Tumepata fedha za kutosha nyumba moja. Tuanzie wapi?

Anzeni na ardhi kabla ya bati. Kiwanja ni cha nani? Zimetokea nyumba zilizojengwa kwa huruma ya wengi, na mzee alipofariki ukoo ukawatoa wajukuu siku ya kuondoa tanga. Kaeni na mwenye nyumba, wazee wa ukoo na mtendaji, muandike maelewano yanayotaja watoto wanaoishi humo kwa majina yao na haki yao ya kuendelea kukaa. Kila upande utie sahihi na kuchukua nakala.

Kisha uliza kama inahitajika nyumba mpya. Mara nyingi ukarabati unatosha: kubadilisha nguzo zilizooza, kuinua msingi kwa mawe ili maji yasiingie, kufunga lenta juu ya madirisha, kupiga kenchi imara na bati. Tetemeko la 2016 lilitufundisha kwamba ukuta wa tofali usiofungwa juu kwa lenta ni wa kwanza kuanguka, hivyo fedha zikipungua, punguzeni vyumba lakini lenta ibaki. Tengeni kona moja yenye dirisha, meza na taa ndogo ya sola kwa wanaosoma.

Na tazameni kalenda. Mvua za vuli huku huanza mapema, mara nyingi Septemba, na ndio wakati wa mtihani wa darasa la saba. Wa kidato cha nne hufuata Novemba. Klabu nyingi hukusanya fedha karibu na mahafali, jambo linalofanya bati lifike mvua ikiwa imekwisha kuingia ndani na mtoto akiwa katikati ya mitihani. Changeni mapema, nunueni vifaa mwezi Julai, na paa liwe limepigwa kabla Agosti haijaisha.